Kaye ya Siku za Msituni

Katika nyumba yetu mwenye kuhesabu ni mimi. Mama yangu, Pélagie, akitaka kujua Pasaka itaangukia lini, haangalii kalenda ya parokia iliyotundikwa ukutani, ananiuliza mimi. Nafundisha hesabu darasa la sita hapa Kindu, huu ni mwaka wa kumi na mbili, na wanafunzi wangu wanajua kwamba mwalimu Déborah husamehe kuchelewa, husamehe hata uongo mdogo mdogo, lakini jumla iliyokosewa hasamehi. Nayasema haya mapema ili mnijue nilivyokuwa. Kiburi changu chote kilikaa hapo.

Mwaka jana nilikuwa natafuta picha ya sayari kwa ajili ya somo, nikakutana na tovuti moja inayoweka picha ya anga kila siku. Picha moja tu kwa siku, na maelezo mafupi chini yake. Leo wingu la vumbi jekundu, kesho uso wa mwezi, keshokutwa nyota zimesongamana kama mchele uliomwagika. Nikaanza kumwonyesha mama asubuhi tukinywa chai. Ya kwanza aliitazama kwa makini, akauliza, "Hii kitenge, wanauzisha fasi gani?" Eti kinauzwa wapi! Nilicheka hadi chai ikanipalia. Basi ikawa desturi yetu. Nikiwasha simu, yeye anafuta mikono kwenye nguo yake na kusema, "Bone, leo mbingu imeamuka namna gani?"

Kilichonipendeza mimi, mtu wa tarehe, ni kwamba tovuti ile haitupi kitu. Picha za nyuma zote zipo, siku kwa siku, tangu mwaka 1995. Unaandika tarehe, inakuletea picha ya siku hiyo. Kuna mshale wa kurudi jana na mshale wa kwenda kesho. Niliangalia siku niliyoanza kazi, siku niliyoolewa, na siku mume wangu alipohamia kwa mwanamke wa Obokote. Nakiri kwamba picha ya siku hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa nzuri kupita zote.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, mama aliweka kikombe chini akasema, "Minataka kuona siku ya Djo."

Djo alikuwa mdogo wangu. Alikufa wakati wa vita akiwa na miaka sita. Tarehe yake katika familia yetu ni 12 Desemba 2002, na kila mwaka siku hiyo tunamwombea misa. Tarehe hiyo niliiandika mimi, kwa mkono wangu, na lazima nieleze ilikuwaje.

Mwaka ule risasi zilipoingia mjini tulikimbilia msituni, kwenye mashamba ya ndugu zetu, mwendo wa siku moja na nusu kutoka mto Lualaba. Tulikaa katika kibanda cha majani, na majirani wachache wakajenga vyao karibu. Mwanzoni mwa Novemba chakula kilikuwa kimekwisha na miguu ya Djo ilianza kuvimba. Baba yangu, Louis, aliyekuwa fundi wa reli, akaamua kwenda Kibombo kwa rafiki yake mwenye mtumbwi, atafute mchele na dawa. Kurudi tena msituni kwa miguu asingeweza, njia zilijaa watu wenye bunduki. Wakakubaliana na mama: siku ya sikukuu ya Bikira Maria, tarehe nane Desemba, tumkute kando ya mto, pale penye gati la zamani la kupakilia mawese. Atashuka na mtumbwi, atatuchukua.

"Nitangoja siku moja, mbili," alisema. "Kupita pale, watu wa bunduki wataniona."

Kisha akanigeukia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Akachukua kaye yangu ya shule, daftari la kurasa mia moja lenye jalada la bluu, akaniwekea mikononi pamoja na kalamu. "Déborah, njo weye utachunga siku. Kila asubuhi unaandika moja. Usiruke."

Sikuruka. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, niliandika tarehe na maneno machache. *Mvua. Tumekula mizizi. Djo amelia.* Nilijiona mtu mzima. Hakuna aliyekuwa na redio wala saa, kwa hiyo wanawake wa vibanda vingine walikuja kuniuliza tarehe, na mzee katekista alinijia kwa heshima kuuliza kama kesho ni Jumapili. Jumapili ya watu wote wale ilitoka kwenye kaye yangu.

Katikati ya Novemba nikashikwa na homa. Nakumbuka baridi, na mkono wa mama kwenye paji la uso, basi. Nilipoamka, mwili mwepesi na masikio yakivuma, kitu cha kwanza nilichoitisha ni kaye. Nikajaza siku nilizolala, nikaendelea na kazi yangu.

Tarehe saba tukaondoka, mama amembeba Djo mgongoni. Tarehe nane mchana tukafika kwenye gati. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na majivu ya moto, yamenyeshewa, na maganda ya karanga. "Wavuvi," alisema mama. Tukangoja. Tukangoja tisa, tukangoja kumi, tukangoja kumi na moja. Asubuhi ya tarehe kumi na mbili Djo hakuamka. Tulimchimbia kwa panga na kwa mikono yetu. Mama hakulia. Alisimama akatazama mto upande wa juu, upande wa Kibombo, akasema, "Ule muntu hakukuya."

Tangu Djo azaliwe, mama alimwita baba Papa Djo, ingawa mkubwa nilikuwa mimi, na nilikuwa nikinuna kwa ajili hiyo. Kuanzia siku ile hakumwita hivyo tena. Akawa ule muntu, mtu yule asiyekuja.

Baba alirudi mwaka 2004, amekonda, kofia mkononi. Mama alisimama mlangoni na hakumpisha.

"Nilifika siku ya Maria," alisema baba. "Nilingoja siku tatu, Pélagie. Siku ya ine asubuhi njo niliondoka, walikuwa wananitafuta. Nilisikia mutoto wangu alikufia pale pale. Miye nilikuwa pale."

Mama aligeuza kichwa kuelekea ndani. Aliniita mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minne na hasira yake yote. Nikaenda kwenye sanduku la bati, nikaleta kaye, nikaifungua mbele ya baba yangu na kumwonyesha kwa kidole, mstari kwa mstari, hadi kumi na mbili. "Miye nilihesabu kila siku, Papa. Sikuruka hata moja. Hukukuya."

Aliipokea akaitazama kwa muda mrefu. Nilidhani atabisha. Aliifunga polepole, akanirudishia kwa mikono miwili, namna mtu anavyomrudishia mkubwa wake kitu. "Kama mutoto ameandika," alisema, "basi."

Akaenda zake. Baadaye tulisikia yuko kwenye machimbo ya mji wa Kama, anachimba dhahabu. Mwaka 2012 shimo lilimwangukia, na mtu aliyeleta habari alimkuta mama akitwanga sombe, majani ya muhogo. Mama alimsikiliza, akamshukuru kwa kutembea mbali, akaendelea kutwanga. Hakukaa matanga. Hakuketi chini, hakuvua kitambaa kichwani, hakuita jirani hata mmoja. "Ule muntu alikufa zamani," alisema. Nami siku hiyo hiyo nilikwenda kufundisha, na nakumbuka somo lilikuwa sehemu za desimali.

Sasa turudi kwenye ile Jumamosi na simu yangu. Mama alitaka kuona siku ya Djo. Mtandao ulikuwa unajikokota. Nikafungua mwezi wa Desemba 2002 tangu tarehe mosi, nikabonyeza mshale wa kesho, huku mama akisafisha miwani. Mbili. Tatu. Nne. Kwenye tano nikasimama.

Lilikuwa jua, jeusi katikati, juu ya miti mifupi ya nchi kavu. Maelezo yalisema kwamba asubuhi ya tarehe nne Desemba 2002 jua lilipatwa kusini mwa Afrika, na kwamba nchi nyingi za kaskazini zaidi ziliona sehemu yake tu ikiliwa.

Niliishusha simu mapajani kabla sijajua kwa nini. Kisha nikajua. Asubuhi ile tulikuwa kwenye kibanda. Mwanga ulipungua, kama taa inayoishiwa mafuta, ingawa wingu halikuwapo. Jua lilipenya kwenye majani ya kibanda na kuangukia ukutani kama kila siku, lakini yale madoa ya mwanga hayakuwa mviringo. Kila doa lilikuwa limekatwa, limekuwa kama ukucha. Kucha mia, mia mbili, ukuta mzima. Djo, ambaye kwa siku nyingi hakuwa ameinuka, alitambaa hadi ukutani akawa anajaribu kuziokota kwa vidole. "Kucha za jua," alisema, akacheka. Ndiyo mara ya mwisho nilipomsikia mdogo wangu akicheka, na niliandika kwenye kaye.

Kilichonishtua ni kwamba sikukumbuka kuwa niliiandika chini ya tarehe nne.

"Iko nini?" aliuliza mama.

"Rezo," nilimdanganya, nikiusingizia mtandao. Nikaruka mbele hadi kumi na mbili. Lilikuwa wingu la bluu lenye nyota changa ndani yake. Mama alilitazama hadi skrini ikazima, nikaiwasha tena, akatazama tena. "Djo analala fasi ya muzuri," alisema. Nikamwambia ndiyo.

Alipokwenda sokoni nilifungua sanduku la bati. Kaye ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi zetu za ubatizo. Nilifunua hadi nikaipata siku ile. *29 Novemba. Jua nusu. Djo amecheza na kucha za jua. Amecheka.*

Mbinguni ilikuwa tarehe nne Desemba. Kwangu ilikuwa ishirini na tisa Novemba.

Nikahesabu kwa vidole, mimi mwalimu, kama mtoto wa darasa la kwanza. Siku tano. Nilikuwa nyuma kwa siku tano. Hatukufika mtoni tarehe nane, tulifika tarehe kumi na tatu. Baba alifika nane. Alingoja nane, tisa na kumi, na kumi na moja asubuhi akaondoka. Majivu yale yalikuwa yake. Tena baba yangu hakuweza kungoja kitu chochote, treni, misa, hata mama avae, bila karanga mfukoni, na mimi niliyajua hayo, na niliyaona maganda yale kwa macho yangu.

Nilikaa sakafuni nikaiona ile mikono miwili ikinirudishia kaye. Baba aliijua tarehe yake. Alikuwa ametoka mjini kwenye kengele na kalenda. Akaona mwandiko wa binti yake, akaacha.

Nilikaa na jambo hilo wiki tatu. Nilijiambia namhurumia mama, ana miaka sitini na minne na shinikizo la damu, na hasira ile ndiyo iliyomsimamisha miaka yote; nikimwondolea atashika nini? Ilikuwa kweli, lakini si yote. Niliogopa. Niliogopa anitazame jinsi alivyomtazama baba pale mlangoni. Asubuhi aliponiuliza mbingu imeamka namna gani, nilimwambia simu haina moto, chaji imekwisha.

Kisha siku ya Ijumaa mwanafunzi wangu mmoja, Bibiche, mtoto mpole asiyeinua hata sauti, alikuja mezani kwangu na kaye yake. Nilikuwa nimempigia mstari mwekundu wa kosa kwenye jumla yake. "Mwalimu," alisema kwa kunong'ona ili wenzake wasisikie, "hapa njo weye ulikosa." Nikaangalia. Jumla yake ilikuwa sawa. Nikalia mbele ya darasa zima, na mkurugenzi wa shule akanirudisha nyumbani.

Mama alikuwa uani, kwenye kiti kifupi, anapembua mchele. Niliketi chini mbele yake, nikaweka kaye na simu kwenye mkeka.

"Mama, Papa alikuya."

Hakuuliza Papa gani. Mkono wake ulisimama juu ya ungo.

Nikamweleza yote. Nikamwonyesha jua jeusi na tarehe yake, nikamsomea mstari wangu. Nikamwambia kosa ni langu, kalamu ilikuwa yangu, baba alifika siku aliyosema na akangoja siku tatu kama alivyotuambia aliporudi, na mimi nilimwita mwongo mbele ya mlango wake mwenyewe. Nilisema haraka, kama mtu anayekimbia mvua.

Mama alichukua simu, akaisogeza karibu na macho. "Kucha za jua," alisema mwenyewe, taratibu. Kumbe naye alizikumbuka. Kisha akauliza, "Siku ngapi ulikosa?"

"Tano."

"Ni ile wakati ulikuwa mugonjwa."

"Ndiyo, mama. Njo pale nilikosa."

Kuku alikuja akadonoa mchele kwenye ungo, na mama, ambaye hajawahi kumwacha kuku adonoe mchele, hakumfukuza.

"Déborah. Ile hesabu ya siku ulilala, nani alikupa?"

Nikamwambia sikumbuki.

"Miye ninakumbuka. Uliamuka, ukaniambia, mama, lete kaye, nililala siku ngapi? Nikakuambia mbili."

Alinyoosha vidole viwili vya mkono wa kulia, akavitazama.

Kwetu mgonjwa haambiwi siku zake. Hata alale mwezi, akiuliza anaambiwa mbili. Bibi yangu alisema ugonjwa ukisikia unahesabiwa hujua umekaribishwa, unakaa. Mtu mzima yeyote wa kwetu anajua, ndiyo sababu hakuna mtu mzima anayeuliza. Nami mwenyewe nimewaambia wagonjwa wa nyumbani mbili, mara nyingi, bila kufikiri. Lakini msituni nilikuwa mtoto mwenye kalamu. Niliambiwa mbili, nikaandika mbili.

"Zilikuwa saba," alisema mama. "Miye nilihesabu moja moja, ju nilijua utakufa. Saba. Ukafungua macho, nikafurahi sana, nikakuambia mbili, sawa vile tunaambiaka mugonjwa. Sikuwaza kaye. Hata kidogo sikuwaza kaye."

"Mama, hukukosa. Ulitaka nipone."

"Ulipona," alisema. "Djo hakupona."

Nilitaka kumshika mkono, akauondoa, si kwa hasira. Akanirudishia simu. "Onyesha siku nane."

Nikaandika 8 Desemba 2002. Sikumbuki ilikuwa picha ya nini, nyota fulani za mbali. Mama aliitazama. "Hapa alifika," alisema. "Peleka."

Nikabonyeza mshale. Tisa. "Anangoja. Peleka." Kumi. "Anangoja. Ameweka moto, anakula karanga yake. Peleka." Kumi na moja. Hapo alikaa sana. Nilisikia pumzi yake. "Anaenda," alisema. "Anaangalia nyuma, haoni muntu. Anaenda. Peleka."

Kumi na mbili.

"Peleka."

Kumi na tatu.

"Hapa njo tulifika?"

"Ndiyo, mama."

Aliweka ungo pembeni, taratibu, bila kumwaga mchele. Akashuka kutoka kwenye kiti hadi chini, kwenye udongo wenyewe, nje ya mkeka, akanyoosha miguu mbele yake. Akavua kitambaa kichwani. Nywele zake zimekuwa nyeupe zote na mimi sikuwa nimeziona mchana kweupe kwa miaka mingi. Kisha akafungua kinywa, akamwita kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo.

"Papa Djo! Papa Djo eee! Papa Djo, utanisamehe na nini!"

Nami nikashuka, nikanyoosha miguu kando yake. Nilimlilia baba yangu kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu afe. Nililia kwa ajili ya ile mikono miwili.

Kwetu kilio cha namna hiyo hakipiti bila kujibiwa. Jirani yetu Joséphine aliruka ua, mikono yake imejaa unga wa muhogo, na nyuma yake wanawake wengine watatu. Alimwona mama ameketi kwenye udongo, kichwa wazi, akajua ni nini. Akaanza kufungua kitambaa chake mwenyewe.

"Nani amekufa?"

"Papa," nilimwambia.

Joséphine alitukuta mtaani mwaka 2015, hajawahi kusikia habari za mwanamume yeyote katika nyumba ile. Alishuka akaketi, akamzungushia mama mkono wenye unga.

"Lini?" aliniuliza.

Na mimi, mwenye kuhesabu katika nyumba ile, nikamjibu, "Leo."